Mume Aliye Nyuma ya Ukurasa

Saa nne asubuhi mpiga picha alimketisha mwalimu mstaafu kwenye kigoda, akampiga picha ya kitambulisho, akaipakia kwenye kivinjari. Ukurasa aliouzoea uliikata, ukaisafisha, ukairudisha kabla mwalimu hajamaliza kukohoa. Kola ya mwalimu, iliyokuwa imejikunja, ilirudi imenyooshwa.

"Siku hizi hata mashine zina adabu," mwalimu alisema, akaenda zake.

Mpiga picha aliifahamu mikono ile. Mumewe hakuwahi kumwacha mtu atoke mlangoni na kola iliyojikunja, hata wale askari waliokuja kumkamata jirani. Miaka minne iliyopita aliajiriwa na kampuni yenye ukurasa huo. Mkataba ulisema atafanya kazi nyuma ya ukurasa. Aliingia huko na begi moja, na hajatoka.

Mke akajipiga picha mwenyewe, kifungo cha juu kikiwa wazi. Picha ilirudi kifungo kimefungwa.

Alifunga studio, akaenda ofisini kwa kampuni. Fundi wa zamu alimpokea vizuri.

"Karibu, shemeji. Ndiye yeye, hujakosea. Wako wanane huko nyuma. Picha inaingia, wanagawana vipande, wanavifanyia kazi, inatoka. Ukurasa wenyewe hawaruhusiwi kuugusa."

"Na barua?"

"Barua si picha."

"Likizo je?"

Fundi alikuna kichwa. Akawasimamisha wale wanane kidogo, akapakia picha ya bosi wake. Ukurasa uliganda. Mshale haukusogea, kitufe hakikubonyezeka, bosi akabaki na nusu ya uso. Kisha ukurasa ukaimaliza kazi peke yake, na bosi akapata shavu la pili.

"Umeona mwenyewe? Sekunde nne. Mteja hawezi kuvumilia sekunde nne, shemeji."

"Mimi nimevumilia miaka minne."

"Ah, wewe una moyo," fundi alisema kwa heshima ya kweli, akawarudisha wanane kazini.

Jumapili saa saba mchana mke alipika nyumbani, akaandaa meza ya watu wawili. Nyama aliikata vipande vikubwa, kama mumewe alivyopenda. Akaipiga meza picha, akaipakia.

Picha ilichelewa. Aliketi akitazama duara dogo likizunguka kwenye skrini, chakula chake akiwa hajakigusa. Hakumharakisha. Alimjua mtu wake: hutafuna kila tonge kama anayelihoji.

Picha iliporudi, sahani ya pili ilikuwa tupu na kiti kimesogezwa nyuma kidogo. Akainua macho. Mezani nako sahani ilikuwa tupu, kiti kimesogezwa, na glasi ya maji imebaki nusu. Akaweka kiganja juu ya kiti. Kilikuwa na joto.

Chini ya picha palikuwa na maandishi: "Tunaomba radhi kwa kukuchelewesha. Mfanyakazi aliyehusika amepewa onyo kali. Je, umeridhika na huduma yetu?"

Alibonyeza nyota zote tano, asije akamharibia zaidi. Kisha akala chakula chake, kikiwa kimeshapoa, akikitazama kile kiti.

Jumapili iliyofuata alipika supu nyepesi isiyo na cha kutafuna, akaipoza kabisa kabla ya kuipiga picha.