Feni ya Merv

Amplifaya ya Merv Hickling ni ya zamani, ya valvu, na ukithubutu kumwambia anunue ya kisasa anakugeuzia mgongo kana kwamba umemtukania mama yake. Ndani mna valvu nne za kioo zinazowaka kama balbu ndogo, na hizo ndizo zinazolipatia gitaa lake ile sauti nene ambayo watu huifuata kutoka mashambani. Zinaomba kitu kimoja tu, hewa. Na mwezi wa Januari, kilele cha joto hapa mjini Charters Towers, hewa ndiyo hatuna.

Tuko watatu. Merv anapiga gitaa, Col mwenye bucha anapiga besi, na mimi, Glenys, napiga ngoma. Msiniulize bibi wa wajukuu anatafuta nini kwenye ngoma. Wapo walioniuliza, na walijuta. Kila Jumapili alasiri tunapiga kwenye baa ya Noelene, na kwa mwezi mzima ule tulikuwa tukiaibika. Tukifika wimbo wa nne, gitaa linaanza kukwaruza, kisha linakufa. Tunakaa kama wajinga mpaka valvu zipoe.

Ajabu ni kwamba kwenye gereji ya Col, tunakofanyia mazoezi, amplifaya ilipiga mpaka majirani wakaja kulalamika. Merv alibadilisha valvu. Haikusaidia. Akaleta feni, akaiweka sakafuni nyuma ya amplifaya, ambako kuko wazi, upepo uingie moja kwa moja. Haikusaidia pia.

Jumapili ile Noelene alitupokea mlangoni akiwa na taulo begani.

"Mzee Merv, nakupenda, lakini wateja wangu hawaji hapa kutazama watu wanangoja sanduku lipoe. Likizima tena leo, wiki ijayo naleta karaoke."

"Karaoke," Merv alisema, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa.

"Hata Col ataimba."

"Nikiimba mimi, mama, hii baa utaifunga mwenyewe," Col akamjibu.

Tulicheka, lakini moyo wangu ulikuwa mzito. Tangu Jean, mkewe, afariki, Merv haongei na mtu Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ananyoa ndevu, anavaa kofia yake nzuri, anakuwa mtu tena. Ukimnyang'anya Jumapili, sijui angebaki na nini. Niliogopa, nasema wazi.

Sasa, pale baa yuko mbwa wa Noelene, mweupe, mzee, mnene kupita kiasi, anaitwa Pavlova. Hulala anapotaka: mlangoni, chini ya meza, katikati ya njia ya kwenda chooni. Sheria ya nyumba ni moja, nayo inajulikana hata kwa wageni. Anayemwamsha Pavlova ananunulia baa nzima bia. Ndiyo maana watu wazima wenye magoti mabovu humruka, na hakuna anayehangaika kuangalia kalala wapi.

Tukaanza. Wimbo wa kwanza safi, wa pili safi, wa tatu watu wakasimama kucheza. Katikati ya wa nne gitaa likakwaruza, likakata. Mimi nilipiga ngoma kwa hasira mpaka fimbo moja ikaniponyoka, ikabingirika hadi nyuma ya amplifaya. Merv hata hakunitazama. Alikuwa ameshaanza kukunja waya wake polepole, kama mtu anayefunga duka kwa mara ya mwisho.

Nikapiga magoti kutafuta fimbo yangu. Nikamkuta Pavlova. Amejinyoosha kati ya feni na amplifaya, mgongo umeziba ule uwazi wa nyuma, manyoya yanapepea, anakoroma kwa raha zake. Nikaweka mkono upande wa feni, upepo tele. Nikauweka upande wa pili wa tumbo lake, joto la oveni. Feni yote ya Merv ilikuwa inampoza mbwa.

"Noelene," nikaita. "Hebu njoo umwone mwizi."

Alikuja, akainama, akatazama. Baa ilikuwa imejaa hadi barazani, na kila mtu alikuwa akipiga hesabu ya nani atamwamsha.

"Mimi nina watoto wanasoma," Col akasema, akarudi nyuma.

Merv akaanza kuvua kofia. "Nitamwamsha mimi."

"Kaa chini wewe," Noelene akamwambia. "Mbwa ni wangu." Akamshika sikio taratibu. "Amka, mama. Umetutia hasara."

Pavlova alifungua jicho moja, na baa nzima ikapiga meza.

"Nyamazeni," Noelene akasema. "Sheria naijua, niliitunga mwenyewe." Akamimina bia kwa kila mtu huku akinuna, kisha akachomoa feni yake ya kaunta akaiweka karibu na mlango, ya Pavlova peke yake, akamhamishia huko.

Valvu zilipopoa tukarudia wimbo wa nne. Ukaisha. Wa tano ukaisha, wa sita pia, na Merv akafumba macho, gitaa likaimba kama lilivyoimba enzi Jean akikaa meza ya mbele. Nililia kidogo nyuma ya ngoma. Jasho linaficha mengi.

Ndipo Pavlova akainuka. Akaiacha feni yake, akapita katikati ya wachezaji wakimpisha, akaja mbele, mahali pasipo na upepo hata kidogo, akajilaza na kuweka kidevu juu ya kiatu cha Merv. Akalala hapohapo. Merv alipiga nyimbo zote zilizobaki bila kusogeza mguu.

Nilipokuwa nafungasha ngoma, Noelene alikuja akijipepea kwa taulo.

"Kumbe hakuwa anafuata upepo," akasema.

"Na karaoke je?"

Alimtazama Merv, ambaye bado alikuwa amesimama palepale kama nguzo, mguu mmoja umekufa ganzi.

"Mwambie Jumapili ijayo avae viatu laini."