Kadi ya Dhahabu ya Ezéchiel

Ezéchiel simupendi, na muntu asinibembeleze. Tunasali naye kanisa moja hapa Uvira. Tangu ile kampuni ya ndege ndogo ilete kadi ya points, amekuwa kama kichaa. Anavizia siku bei imeshuka, anapanda kwenda Kalemie, anakunywa Fanta palepale uwanjani, anarudi na ndege ileile. Eti safari za kulipa zinamuzalia safari za bure. Sasa kadi yake ni ya dhahabu, anaivaa shingoni hata siku ya Mungu.

Tumuache kwanza. Mudogo wangu Félicien alifia Kalemie, na kwetu sanduku halifungwi mpaka dada mukubwa amuguse ndugu yake uso. Lakini kwa joto la kule maiti haingoji. Muke wake akanipigia: "Yaya, weye dada yetu mukubwa, tunakungojea mpaka saa sita za mchana. Kupita hapo hatuwezi." Nikanunua tiketi, nikafika uwanjani Kavimvira mbele ya wote.

Wakatupima kwenye mizani, siye na mizigo yetu. Ndege ikaonekana nzito. Luc, kijana wa kampuni, akanijia akiangalia chini.

"Mama Shimwa, pole. Muntu mumoja lazima abaki, na wenye kadi ya dhahabu hatuwagusi. Asiye nayo ni weye tu."

"Minye nimelipa! Ezéchiel yule pale kwenye mustari amelipa?"

"Leo anapanda kwa points. Nusu ya wale wengine pia." Akashusha sauti. "Hata siye wanatumaliza, mama. Mafuta ya kesho hatujui yatatoka wapi."

Nikamuendea Ezéchiel. "Weye, Kalemie unaenda kufanya nini?"

"Kurudi," akasema, bila haya.

Watu wakacheka. Minye sikucheka. Nikamueleza kilio changu, nikamuomba, minye Consolée Shimwa nisiyeombaga muntu kitu. Akaishika kadi yake.

"Mama Shimwa, mwezi unaisha leo. Nisipopanda, wananirudisha kwenye kadi ya fedha. Kiti hiki ni haki yangu."

Haki! Shindwa kabisa! Akapanda, akakaa dirishani, akafunga mukanda.

Saa sita simu ikalia. "Tumefunga, yaya, tunaenda kuzika. Utusamehe." Nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia kwa sauti, wanaoangalia waangalie.

Ndege ikarudi. Ezéchiel akashuka, akanijia anachekacheka.

"Mama Shimwa, nilikufikiria kule juu. Nakupa safari yangu moja ya bure. Kesho unaenda bila kulipa kitu."

Nikasimama, nikajipangusa kitenge.

"Kesho naenda kuzika nani?"