Mdahalo wa Hatazaa

Ukumbi wetu wa midahalo zamani ulikuwa ghala la pamba. Mpaka leo ukitazama juu utaona nyuzi nyeupe zimenasa kwenye mbao za paa, na upepo ukivuma, chache huanguka polepole juu ya vichwa vya wasikilizaji. Shida yetu ilikuwa kwamba wasikilizaji hawakuwapo. Jumamosi baada ya Jumamosi, mimi na Kristofa tulibishana mbele ya viti vitupu vya plastiki na marafiki wachache waliotuonea huruma.

Tulimaliza chuo pamoja, tukarudi Bariadi pamoja, na tuliamini jambo moja: watu wakizoea kushindana kwa hoja na kusikilizana, mji hubadilika. Mzee Salvatory, msimamizi wa ukumbi, hakuwa na imani hiyo. Wenye banda la video walikuwa wameiomba siku yetu ya Jumamosi, na banda la video hujaa. Alituita, akasema nasi kwa upole kama mtu anayewapa watoto dawa chungu.

"Jumamosi hii ukumbi ujae, na watu wakae mpaka mwisho. Wakitoka katikati, siku yenu nawapa wa video. Msije mkaninunia."

Tukachagua jambo ambalo mji mzima ulikuwa ukilizungumza. Kampuni mbili za simu, Orani na Dexo, zilikuwa zinaburutana mahakamani huko ng'ambo. Orani ilidai Dexo wameiba namna ya kufungua simu kwa kuchora duara kwa kidole juu ya kioo. Dexo nao walidai Orani wameiba namna yao ya kupiga picha gizani. Kila upande ulikuwa na hataza zake, yaani haki ya kisheria ya aliyebuni kitu kuwazuia wengine wasikitengeneze bila ruhusa yake kwa muda uliowekwa. Kesi ilikuwa mbali, lakini Bariadi watu walishagawanyika kama mashabiki wa mpira. Wenye Orani waliwaita wenye Dexo wezi. Wenye Dexo walijibu kwamba duara hata mtoto analichora kwenye vumbi, halina mwenyewe. Huko Lamadi, wauza samaki walikuwa wakiambiana kwamba hukumu ikitoka, simu zote za Dexo zitazimika siku moja zikiwa mikononi mwa watu.

Kristofa angetetea hataza, mimi ningezipinga. Majaji hatukuwa nao. Klabu yetu ilifuata mashindano ya ngoma ya Kisukuma, ambapo vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hucheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyeuvuta umati upande wake. Vivyo hivyo, mwisho wa mdahalo watu husimama na kwenda kwa msemaji aliyewagusa.

Tangazo nililiandika kwenye kipande cha karatasi nikampa Mayige, baba mmoja mwenye bajaji iliyofungwa kipaza sauti kikubwa kuliko bajaji yenyewe. Niliandika hivi: Mdahalo mkubwa. Hataza, ni haki au ni kizuizi? Njoo tujadili.

Jumamosi mchana nilipofika sikuamini. Watu walijaa hadi madirishani. Walikuwapo wauza pamba, wanafunzi, wachungaji wa ng'ombe waliotoka mnadani na fimbo zao, na zaidi ya wote walikuwapo akina mama, safu kwa safu, wamevaa vitenge vyao vya kanisani. Nilipita nikiwasalimu, mwadeela mayu, mwadeela baba, na moyo wangu ulikuwa unaimba. Nikajisemea kwamba hawa ndio watu wangu; nani alisema mkulima hajali habari za sheria?

Mama mmoja alinishika mkono.

"Mwanangu, yeye mwenyewe ameshafika?"

"Nani, mayu?"

"Huyo hatazaa."

Sikuelewa. Akanieleza kwa subira. Kipaza sauti kilipita hadi Mwamapalala kikisema kuna mdahalo wa mwanamke ambaye hatazaa, kama ni haki afukuzwe kwa mumewe, au kama kuna kizuizi.

Nilitoka nje mbio. Mayige alikuwa amekaa kwenye bajaji yake anakula karanga, mtu aliyemaliza kazi na kuridhika nayo.

"Dada Apolonia, uliandika hataza. Nikaona umesahau a moja. Msomi naye huchoka. Nikakusahihishia."

Nikamuuliza habari za kufukuzwa kwa mumewe zilitoka wapi. Alisema watu walikuwa hawaelewi, akawaongezea maelezo kidogo, na je, si wamekuja?

Walikuwa wamekuja. Hilo ndilo lililoniuma. Miongoni mwa wanawake wale walikuwamo waliobebeshwa neno hilo maisha yao yote, wametoka mbali wakidhani hatimaye kuna mahali litajadiliwa mbele ya watu. Nami nilikuwa nawarudisha nyumbani na hadithi ya simu.

Kristofa alisema hakuna njia ila kusema ukweli. Akapanda jukwaani, akaeleza kosa la tangazo, akaomba radhi, akaanza kueleza Orani na Dexo. Alieleza vizuri, lakini maneno yake yalikuwa yanaanguka kama zile nyuzi za pamba, bila kishindo. Minong'ono ikaanza. Mboje, mchuuzi wa ng'ombe mwenye kifua kipana na kofia ya pama, akasimama na kugeukia watu.

"Nimeacha fahali mnadani amefungwa kwenye mti," alisema. "Nimekuja kusikia habari za mke, napewa habari za kidole."

Ukumbi ulicheka, na kicheko hicho kikawa ruhusa ya kuondoka. Viti vilianza kukwaruza sakafu. Mzee Salvatory alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akiwapisha wanaotoka. Hakuonekana kufurahi, lakini alikuwa anahesabu.

Hapo mama yule aliyenishika mkono akainuka. Hakwenda mlangoni. Alikuja mbele, polepole, akasimama kati yangu na Kristofa. Alikuwa mrefu, mabega bado yamenyooka, na nywele zilizochungulia chini ya kilemba zilikuwa nyeupe.

"Naitwa Esteria, wa Mwamapalala," alisema. "Mimi ndiye hatazaa."

Waliokuwa wakitoka walisimama.

Alisema neno hilo ndilo jina aliloitwa tangu ujana. Aliitwa hivyo kwa mume wa kwanza, akaitwa hivyo kwa wa pili, na watoto wa jirani waliliokota wakadhani ndilo jina lake kweli. Juzi alipolisikia kwenye kipaza sauti alidhani ameitwa yeye, akavaa akaja kujitetea. Sasa ameambiwa kesi si yake, ni ya watu wawili wanaogombea kidole. Lakini kesi ya namna hiyo anaijua.

Akamgeukia Mzee Salvatory, akamwomba ufagio.

Salvatory alitazama kulia na kushoto, kisha akachukua ufagio wa mti mrefu uliokuwa nyuma ya mlango akamletea. Esteria aliupima mikononi kama mtu anayepima jembe. Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni. Akapiga mguu chini, mara moja, mara nyingine, na kina mama wa safu ya mbele wakaanza kupiga makofi kabla hawajajua wanapigia nini. Kisha akaurusha ufagio juu. Ulipinduka hewani hadi karibu na paa, ukaamsha pamba ya miaka mingi, na yeye, bila kuutazama, akageuka na kuudaka nyuma ya mgongo.

Ukumbi ulinguruma. Kila mtu aliyekulia Simiyu anaujua mtindo ule. Ndivyo wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe, wanavyorusha jembe pale ngoma inapopamba moto.

Mboje alikuwa bado amesimama. "Huo ni wa Bagalu," alisema. "Mimi ni mtoto wa Bagalu. Nimeuona kwetu tangu nikiwa mdogo."

"Uliuona kwa Bagalu," Esteria alimjibu. "Bagalu waliuona kwangu."

Watu walicheka tena, lakini safari hii hakuna aliyeondoka. Alisimulia jinsi alivyoubuni akiwa msichana wa Bagika, akijifunza peke yake shambani, jembe likimpiga kisogoni hadi mama yake akadhani anapigwa na mtu. Siku ya mashindano alipourusha, uwanja wote ulihama ukaja kwao. Msimu uliofuata Bagalu nao wakaurusha. Wenzake walilia, wakataka fimbo zitumike, wakataka waganga. Miaka ikapita, mtindo ukaenea hadi Maswa, hadi Malampaka, hadi kwenye sherehe za serikali, na hakuna anayejua umetoka wapi.

Mboje alivua kofia yake. Akaikunja, akaikunjua.

"Baba yangu aliwahi kusema," alianza, na sauti yake haikuwa tena ya mnadani. "Alisema waliuchukua kwa msichana mmoja wa Bagika, upande wa Mwamapalala. Walikaa kwenye nyasi wakamtazama. Jina hakutuambia."

"Jina umeshalisikia leo," alisema Esteria.

Nilimtazama Kristofa, naye akanitazama. Mdahalo wetu ulikuwa umefika, umepitia mlango tusioutegemea. Kristofa akamuuliza Esteria kwa heshima, kama siku zile angekuwa na uwezo wa kuwazuia Bagalu, angewazuia?

Esteria alifikiri. "Mwaka mmoja ningewazuia," alisema. "Ili watu waone kwanza kwamba ni wangu. Baada ya hapo ningewaacha wacheze. Jembe likirushwa na mtu mmoja tu, akifa yeye limekufa."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya kupinga hataza. Niliiacha mezani. Niliwaambia watu kwamba sheria ya hataza haihusu ngoma, inahusu mitambo na njia za kutengeneza vitu, wala sitaki kuwadanganya. Lakini kile alichokisema mama ndicho kilichomo ndani yake inapotumika vizuri. Mwenye kubuni anaueleza ulimwengu namna alivyofanya, jina lake linaandikwa, anapewa muda wa kufaidi, kisha muda ukiisha kitu kinakuwa cha wote. Orani na Dexo wamesahau nusu ya pili. Wanagombea kufunga, hakuna anayetaka kufungua.

"Mtoto akizaliwa anaandikishwa, mama yake fulani," nilisema. "Hawamwandikishi ili wamfungie ndani. Anakua, anatoka, anakwenda kwa watu. Hataza ni cheti cha namna hiyo. Mama Esteria alizaa, na mtoto wake anacheza mkoa mzima. Sisi tulikosa tu kumwandikisha."

Kisha wakasema wengine. Mwanamke muuza mboga alitaka kujua kama kampuni kubwa inaweza kuchukua kitu cha mtu mdogo ikakiandikisha yenyewe, na Kristofa akamjibu kwa mifano hadi akaridhika. Mchungaji mmoja alisema alama ya ng'ombe ni ya kumtambulisha ng'ombe, haimkatazi ng'ombe kutoa maziwa. Kijana mwenye Dexo na kijana mwenye Orani walibishana kuhusu duara hadi kina mama wakawaambia wapokezane zamu kama watu wazima. Mama mmoja, kwa sauti ndogo, aliuliza kama ule mdahalo mwingine, wa kufukuzwa kwa mume, nao utafanyika. Nikamwahidi kwamba ndio wa Jumamosi ijayo.

Jua lilipoanza kuingia mlangoni, Kristofa alitangaza kwamba sasa kila mtu aende upande anaoukubali. Yeye alisimama kulia, mimi kushoto. Watu wakainuka. Nilisikia viti, viatu, fimbo, na kwa kitambo moyo ulinidunda kama wa mshindani. Hakuna aliyekuja kwangu. Hakuna aliyekwenda kwa Kristofa. Walimiminika wote katikati, wakamzunguka Esteria, na wa kwanza kufika alikuwa Mboje, mtoto wa Bagalu, amehamia kwa Bagika mbele ya macho ya watu.

Sijawahi kushindwa nikafurahi kiasi kile. Kristofa alikuwa anapiga makofi huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Mzee Salvatory alipita katikati ya umati hadi nilipokuwa.

"Wa video watatafuta siku nyingine," alisema. Halafu akatazama mikono ya Esteria. "Ila ufagio nauhitaji."

Hakuupata. Kina mama walikuwa wameshaanza wimbo, na Esteria alitolewa nje akiwa ameuinua juu. Walimpandisha kwenye bajaji ya Mayige ili apelekwe stendi. Mayige aliwasha kipaza sauti chake. Kabla hajasema kitu aligeuka nyuma, akamuuliza jina linaandikwaje, herufi moja baada ya nyingine, maana leo hataki kumsahihisha mtu.

Kisha tukasikia sauti yake ikipita barabara kuu ya Bariadi, mbele ya maduka ya simu na mizani ya pamba, watu wakitoka milangoni kutazama: huyu hapa Esteria wa Mwamapalala, mzazi wa jembe la mgongoni, mtazameni, huyu hapa.