Kengele Iliyokwama Foleni

Ofisini walimwita Bi Kasoro, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzijaribu programu za wenzake mpaka zikwame. Aliyemtafutia kazi hiyo ni shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye ndiye alikuwa mkuu wa mradi.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kengele za hospitali. Mgonjwa anabonyeza kitufe kitandani, ujumbe unakwenda kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, na seva inaupeleka kwenye skrini ya wauguzi. Ndani ya seva kulikuwa na mzunguko mmoja usiokoma: chukua tukio, lishughulikie, rudi uchukue jingine. Wakati wa majaribio Bi Kasoro hakuuacha ujiendeshe. Aliusukuma mwenyewe, tukio baada ya tukio, huku akichagua lipi litangulie na kitanda kipi kikatike mtandao. Ndipo alipoliona tatizo. Kitanda kimoja kikipotea hewani wakati seva inangoja jibu lake, seva iliendelea kungoja tu, na kengele zote za nyuma zikakwama foleni. Kwenye skrini ya wauguzi, shwari kabisa.

Alimwonyesha shemeji. Shemeji akasema hayo ni mambo ya kutunga, hospitalini hayatatokea, tena hospitali ilishaahidiwa siku ya kuanza. Akalifuta lile jaribio. Yaliyobaki yote yakafaulu, watu wakapeana mikono. Bi Kasoro aliposhikilia msimamo wake, akahamishiwa mradi mwingine, na dada yake akampigia simu kumwomba aache kumsumbua mume wa watu.

Kisha mama yao akalazwa katika hospitali hiyohiyo, kengele zikiwa zimeshaanza kutumika, afanyiwe upasuaji wa goti. Asubuhi moja alibonyeza kengele apelekwe msalani. Akabonyeza tena na tena. Alipoona kimya, akajikongoja peke yake, akaanguka, nyonga ikavunjika.

Walipokusanyika kitandani, mama aliongea kwa aibu, kama mtu aliyevunja chombo cha kuazima.

"Nilibonyeza, wanangu. Labda sikubonyeza vizuri."

"Pole, mama," shemeji alisema. "Vile vitufe vinataka nguvu kidogo."

Bi Kasoro akamgeukia mama yake.

"Ulibonyeza sawasawa, Mama. Kengele yako ilikwama kwenye seva. Na shemeji alijua."

Shemeji aliinamia simu yake. Dada ndiye aliyenyanyuka, akamshika mdogo wake mkono na kumtoa nje ya wodi.

Hospitali ilipolalamika, shemeji alilirudisha lile jaribio, akairekebisha seva, na kwenye kikao wakubwa wakamsifu kwa kuchukua hatua haraka. Bi Kasoro aliacha kazi wiki hiyohiyo. Hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Mama sasa anatembelea fremu ya chuma, naye anaishi kwa dada. Bi Kasoro huenda kumwona mchana, shemeji akiwa kazini. Dada humfungulia mlango bila kumtazama usoni. Mama humshika kiganja, humsihi ayaachilie yaliyopita, halafu humwambia aondoke mapema, wasije wakakutana.