Aproni ya Chumba cha Giza

Siku Chama cha Wapiga Picha kilipowafungulia wageni jengo lake la kale, Mwenyekiti alikuja na tai mbili, moja shingoni, nyingine mfukoni kwa dharura ambayo hakuitaja. Katibu alikuja na gauni lile lile la msibani. Mumewe alikuwa na miezi miwili kaburini, naye hakuwa ametoa chozi hata moja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama ufizi uliodungwa sindano.

Marehemu aliacha mkanda mmoja wa filamu ndani ya kamera, haujasafishwa. Picha ya mwisho alimpiga Katibu, mkewe, mezani, asubuhi ya siku aliyofariki.

"Usinipige, sijachana nywele!"

Akapiga. Katibu alitaka kuiona hiyo tu. Labda kifua kingefunguka. Chama kilipotafuta mkanda wa kuwaonyesha wageni ukitoka kwenye dawa, akautoa wake kabla hajaghairi.

Mlango wa chumba cha giza haukuwa na komeo. Liling'olewa tangu mwanachama mmoja azimie humo akakutwa baada ya saa mbili. Badala yake, aliyemo hutundika aproni nje, na wenzake wakiiona hupita kwa adabu kama wanapita kwa mkwe.

Asubuhi hiyo Mwenyekiti, aliyeitunga sheria yenyewe, aliona tu madoa ya aproni yakifunika nakshi za mlango.

"Jamani, matambara siku ya leo?" Akaiondoa.

Ndani, Katibu alikuwa ameshautoa mkanda wote, akipapasa gizani auviringishe kwenye kopo lake lisilopitisha mwanga. Mlango ukafunguka. Mwanga ukaingia, ukifuatwa na bibi mmoja mwenye miwani na wageni kumi na wawili.

"Mbona umekaa gizani, mwanangu, na umeme upo?"

Mwenyekiti akauona mkanda.

"Shemeji..."

"Karibuni," alisema Katibu. "Hapa ndipo tunaposafisha picha."

Akausafisha hivyo hivyo, akieleza kila dawa, akihesabu dakika. Ukatoka mweusi tii, mwanzo hadi mwisho. Wageni wakapiga makofi.

"Picha za nani hizo?" bibi akauliza.

"Za mume wangu."

"Mbona sizioni?"

"Zimeingiwa na mwanga."

"Shemeji, nenda kapumzike," Mwenyekiti alinong'ona. "Nitawapokea mimi."

Katibu alijaribu kulia, maana ilielekea ndiyo adabu. Hakikuja kitu.

"Kuna wengine ngazini," akasema. "Waambie wapande."