Mtu Aliyemsimulia Mungu Habari za Mfereji

Gédéon wa Sange alisali kama mtu anayepiga soga na jirani. Adhuhuri, huko mashambani mwa mpunga, aliosha matope mikononi, akakaa ukingoni mwa mfereji, akafunua ugali na sombe ya majani ya muhogo, kisha akaanza.

"Baba, maji ya leo iko kidogo. Papa Niyonsaba aliyafunga kule juu, lakini mutoto wake iko na homa, basi minye sikumugombeza. Umuponyeshe. Na hawa ndege, Baba, uwaambie kidogo."

Hapo alinyamaza, akisikiliza. Alisikiliza kweli, si maigizo. Chakula kilipoa, na mkewe Consolée, aliyekaa pembeni, alikunja uso.

Consolée alikuwa wa kikundi cha maombezi, tena si mtu wa nyuma. Alifunga, alikesha, alilia mpaka sauti ikakauka, na bado moyoni hakuhisi kitu. Hilo ndilo lililomla: kumtafuta Mungu kwa jasho lote lile, halafu mumewe anaongea naye tu, miguu imejaa tope. Ulikuwa wivu, tuseme ukweli. Yeye aliuita mzigo wa rohoni.

Kanisani kwao mtu husimama akataja haja yake, ili wote waibebe kwa maombi. Desturi nzuri, ila pia ndiyo njia ya heshima kabisa ya kumsengenya mtu aliyekaa pale pale. Jumapili moja Consolée akasimama.

"Bandugu, mutusaidie juu ya bwana yangu, Papa Annie. Hajue kuomba. Anasimulia Mungu habari ya mufereji na ndege!"

Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, lakini walicheka. Gédéon naye alitabasamu, akaikazia macho kofia yake magotini. Wakamwekea mikono, wakamwombea kwa kelele. Tangu siku hiyo hakusali tena kwa sauti. Shambani alifumba macho, akafumbua, akala. Consolée akashukuru kwamba mume ameanza kukua kiroho. Kumbe!

Msimu uliofuata, wakipandikiza miche, Gédéon alianguka kifudifudi majini. Hospitali walisema ni tension, damu imepanda. Uhai ulibaki, ulimi na mkono wa kulia havikurudi.

Sasa shamba ni la Consolée. Adhuhuri hurudi nyumbani kumlisha mumewe. Juzi aliweka sahani chini, akapiga magoti kando ya mkeka.

"Papa Annie, leo minye nitaomba sawa weye." Akafumba macho. "Baba, maji ya leo..."

Akakwama. Maji aliyaona asubuhi, lakini hakujua ilikuwa zamu ya nani. Hakujua kama mtoto wa Papa Niyonsaba alipona. Majirani wa mfereji mmoja, na hajawahi kuuliza. Maneno makubwa ya maombezi yalijaa mdomoni, tayari, na hakuna hata moja lililofaa. Aliona haya, akajuta. Mungu alikaa nao pale ukingoni siku zote hizo, na yeye alikuwa akingoja tu amina ili ale.

Alipofumbua macho, Gédéon alikuwa amefumba yake. Midomo yake ilicheza bila sauti.

"Unamwambia nini?" Consolée akauliza, machozi yakimtoka. "Papa Annie, uniambie na minye."

Gédéon hakufumbua macho. Hakuwa akizungumza na mkewe.