Konsila Ukuta Mzima

Mimi ni fundi rangi, na majivuno ya ufundi yaliniponza siku ya harusi ya binti yetu.

Asubuhi hiyo mke wangu aligoma kutoka nyumbani. Tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia hauna nguvu, na yeye hajawahi kwenda shughulini bila kujipodoa. Binti alitaka kumletea mpambaji, akakataa katakata. Hataki mgeni amguse uso.

"Nendeni tu. Mtanisimulia."

Moyo uliniuma. Harusi bila mama wa bibi harusi?

"Nitakupaka mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Kwani nimepaka nyumba ngapi mji huu?"

Mezani palikuwa na vipodozi vyake viwili, chupa na kitubu cha kukamua. Alianza kunieleza, sikusubiri. Rangi ni rangi. Nikachagua kitubu, maana rangi yake ilikuwa nzito na inafunika vizuri, nikampaka kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, kisha nikarudia. Nikampa kioo.

Uso ulikuwa mweupe kama ukuta wa chokaa. Nikajua nimeharibu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka machozi. Tangu augue sikuwa nimekisikia kicheko hicho.

"Fundi, hiyo ni konsila! Ukuta ukiwa na ufa, unaziba ufa au unasiriba nyumba nzima?"

"Naziba ufa."

"Basi! Faundesheni, hiyo ya kwenye chupa, ndiyo rangi ya ukuta, inapakwa uso mzima, nyembamba. Konsila ni ya kuzibia, penye doa tu. Haya, ninawishe tuanze upya."

Safari hii nilisikiliza kama mwanagenzi. Faundesheni niliipaka kwa sponji yenye unyevu, ikalingana na ngozi yake hata isionekane. Kisha konsila, tone chini ya kila jicho, nikiigongagonga kwa ncha ya kidole bila kusugua. Weusi wa kukosa usingizi ukapotea. Nikamwona mke wangu tena.

Ikabaki pembe ya mdomo, ule upande ulioshuka. Nikakamua konsila kidogo, kidole kikasita.

"Hapo hapazibiki, baba watoto."

"Najua," nikasema, nikakipangusa kidole.

Alijitazama kiooni, upande huu na upande ule, bila haraka.

"Uache hivyohivyo. Si ndio mdomo niliochekea sasa hivi? Niletee viatu."